Kiatu cha Klachi

Stafford, Texas
12 Januari 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa kalamu kwa sababu kila nikikupigia simu unaniambia "sema kwa sauti", na majirani zangu hapa sasa wanajua habari zetu zote mpaka za ukoo. Mama amesema barua huwa unaisoma mara mbili. Basi hii hapa.

Nimenunua gari. Usiseme kitu kwanza. Si la kubonyeza kitufe kama la Baba. Ni pikapu kuukuu, nyeupe, ya gia. Nimeichukua mji wa Katy, kwa mzee mmoja ambaye watoto wake wote hawawezi kuiendesha. Alinikabidhi ufunguo huku ananitazama kama mtu anayeozesha binti. Nilipofungua mlango nikaisikia ile harufu, ya mpira na vumbi na mafuta kidogo, nikarudi Iringa palepale. Nilijiona niko kiti cha nyuma cha Land Rover ya misheni, Baba na Mama bado wanahangaika na makaratasi huku Marekani, mimi nimeachwa kwenu. Mbele kuna dereva mwanafunzi anatoka jasho, na wewe kushoto kwake unasema, "Bado. Bado. Breki kwanza."

Shida ni kwamba hapa usukani uko kushoto, kwa hiyo gia ziko mkono wa kulia. Mkono wangu wa kulia umezoea kalamu na kusafisha meno ya watu pale kliniki. Akili ya gia hauna. Juzi nimeingiza tatu nikidhani ni moja, gari likazima katikati ya barabara, wakanipigia honi kama msafara wa harusi.

Nifundishe, Babu. Kisha Juni, kwenye misa ya kumbukumbu ya Bibi, nitakuja nayo Plano, na wewe utaiendesha. Tangu umekuja kuishi kwa Baba sijakuona umeshika usukani hata siku moja, na inaniuma kama kumwona padri aliyezuiwa kusoma misa.

Mjukuu wako,
Melania


Plano, Texas
21 Januari 2025

Somo wa mke wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mama yako hajui kuhesabu. Na habari ya simu, kosa ni la simu.

Hongera kwa gari. Hapa kuna magari mawili yanayolia kama vifaranga ukikaribia ukuta. Baba yako alinikalisha ndani ya moja akasema, "Mzee, hili linabadilisha gia lenyewe." Nikamuuliza, linajuaje ninachokiona mbele? Akacheka. Majaliwa huyo nilimfundisha mwenyewe kushuka mlima Kitonga, leo hawezi kurudi nyuma bila kamera. Na mtaa wenyewe hauna watembea kwa miguu. Naweza kukaa dirishani asubuhi nzima nikaona mbwa mmoja na mwenyewe.

Haya, somo. Ukiiona kona, kwanza itazame. Kisha breki, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani. Punguza mpaka upate mwendo unaoutaka ndani ya kona. Achia breki. Ndipo mguu wa kushoto ushuke kwenye klachi, mkono uende kwenye gia, uchague ile moja inayofaa mwendo huo. Breki imalize neno lake, ndipo gia iseme. Anayevichanganya ni mtu aliyechelewa kuona. Mkono wake mmoja umeacha usukani wakati gari lote limeinamia mbele, na gia anayoichagua ni ya kubahatisha, maana mwendo wenyewe bado haujatulia.

Hivyo ndivyo nilivyowafundisha madereva wa misheni na wa mabasi, na katika wote hao aliyenishinda ni mmoja tu, bibi yako. Alikuwa nesi, masista walimleta ajifunze kuendesha gari la wagonjwa. Kila kona, breki na gia vyote kwa pamoja, mimi nimeshikilia mlango. Nikamwambia, dada, maliza kimoja kwanza. Akanijibu bila kunitazama, "Mwalimu, mgonjwa wa nyuma haugui kimoja kimoja." Nikamfelisha. Akarudi, nikamfelisha tena. Mara ya tatu nikaona nikimfelisha watampeleka kwa mwalimu mwingine, basi nikampasisha, na kabla ya Pasaka nikaenda kwao kuposa. Aliendelea kuchanganya hivyo hivyo mpaka Mungu alipomchukua.

Juni njoo na gari. Nitaendesha, tena nitakuonyesha. Mguu wa kushoto una kidonda kidogo cha sukari, mama yako Everline anakiosha kila jioni kama anaosha sahani za wageni. Mpaka Juni tutakuwa tumekisahau.

Babu yako,
Method


Stafford, Texas
16 Februari 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mguu umeamkaje?

Nimefanya kama ulivyosema. Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu, nazunguka mitaa ya hapa nikisema kwa sauti: tazama, breki, achia, klachi, gia. Mtu akinisikia atadhani nasali rozari. Sasa mkono wa kulia umeanza kupata akili.

Lakini lazima nikuambie jambo, na najua utanuna. Nje ya Houston kuna uwanja wa mashindano ya magari, na siku nyingine wanaruhusu watu wa kawaida wajifunze. Mwalimu wangu anaitwa Sheldon, Mmarekani mpole mwenye kitambi. Sheldon anachanganya, Babu. Anachanganya kwa makusudi na anafundisha kuchanganya. Kidole gumba cha mguu wa kulia kinabaki kwenye breki, kisigino kinapinda na kugusa mafuta, injini inapanda kidogo, gia inashuka, na muda wote huo breki haijaachiwa. Nilifanya vibaya mchana kutwa. Halafu mara moja ikakubali. Gari halikutikisika hata kidogo. Nikacheka peke yangu ndani ya helmeti.

Nikamweleza kanuni yako. Akasema ni nzuri sana kwa barabarani, na kwamba mtu lazima aijue kwanza hiyo ndipo aje kwake. Kwa hiyo hujashindwa. Ila nikamwelewa Bibi.

Na kwa kuwa nimemtaja Bibi, acha niliseme. Alipofariki mlinificha. Nilikuwa chuoni, wiki ya mitihani, na wewe ulimwambia Baba kutoka Iringa, "Amalize mtihani kwanza, ndipo alie." Nikamaliza, nikafaulu, nikapiga simu nikitaka kuongea na Bibi, ndipo nikaambiwa keshazikwa. Najua ndivyo watu wetu wanavyofanya kwa aliye mbali, eti asiumie peke yake. Lakini niliumia peke yangu, tena kwa kuchelewa. Ningeweza kulia huku nafanya mtihani, Babu. Watu wanaweza.

Mliniahidi hamtanificha tena. Siku nyingine nikiwa barabarani nakumbuka ahadi hiyo, natulia.

Mjukuu wako,
Melania


Plano, Texas
30 Machi 2025

Somo wa mke wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Yalikuwa mafua, kisha ikaja mvua ya mawe iliyotoboa paa la jirani, kisha uvivu wa kizee. Mguu haunisumbui tena.

Habari za Sheldon nimezisoma na sikununa sana. Mtu anayezunguka uwanja mmoja siku nzima na kurudi pale pale alipoanzia, ana haki ya kuwa na haraka. Barabarani ni kitu kingine.

Hata hivyo kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia mwanafunzi yeyote. Pako mahali ambapo kuchanganya kunaruhusiwa. Ni pale mteremko mkali unapokutana na kona. Ukiachia breki ili ushike gia, gari linajichukulia mwendo upya, na kona haikusubiri. Hapo unashikilia breki na unabadilisha gia breki ikiwa bado imeshika. Kitabu chetu cha kufundishia kilikuwa na mstari huo, mimi darasani niliuruka. Mwanafunzi ukimpa ruhusa moja ataifanya desturi. Bibi yako aliusoma mwenyewe, akanitesa nao mpaka tukazeeka. Kila nikimwambia kitu, "Method, tuko mteremkoni sasa." Hata jikoni. Maharage yanaungua, mtoto analia, mgeni anabisha hodi, na mimi natafuta kipi nianze nacho. "Method, mteremko huu."

Siku hizi naisikia sana sauti yake. Nyumba ikiwa kimya, wote wamekwenda kazini, naisikia.

Kuhusu mazishi sina la kuongeza. Niliona ni sawa kwa wakati ule.

Nimekutumia kifurushi, ndani mna kiatu. Unakikumbuka, ni kile changu cha kufundishia, ngozi laini, soli nyembamba ili mguu uisikie klachi. Kigeuze utazame chini, pale palipolika chini ya kidole gumba. Hapo ndipo klachi ilipokaa umri wangu wote. Watu wanafikiri udereva uko mikononi. Kiweke mahali utakapokiona. Everline ndiye aliyekipeleka posta. Alikishika muda mrefu kabla ya kukifunga, sijui kwa nini.

Babu yako,
Method


Stafford, Texas
8 Aprili 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Kiatu kimefika.

Nimekinusa kwanza, usinicheke. Kina harufu ya baraza la nyuma kule nyumbani, Jumamosi, Bibi ametandika gazeti, mimi napaka rangi na yeye anapiga brashi, na wewe unapita unasema tusipake nyingi, soli itateleza. Nilidhani hayo nimeyasahau. Nimelia kidogo, kilio kizuri.

Nimekiweka juu ya dashibodi ya pikapu, kwenye kona ya kioo. Watu wakinipita kwenye barabara ya 59 wanakishangaa. Nimeipeleka pikapu mpaka Galveston na kurudi bila kuzima hata mara moja. Nakuja nayo Juni na nitakaa pembeni yako kama wewe ulivyokaa pembeni ya wanafunzi wako, nikuambie "bado, bado" mpaka ukasirike.

Swali moja. Cha kulia kiko wapi? Au posta wamebaki na pacha wake?

Mjukuu wako,
Melania


Plano, Texas
17 Aprili 2025

Somo wa mke wangu,

Marahaba.

Cha kulia bado nakitumia.

Habari ya Juni, nimefikiri upya. Njoo kwa ndege au kwa basi, pikapu iache huko. Barabara ya kutoka Houston ina malori mengi, na mimi ni mzee, nilikubali haraka kwa furaha ya barua. Tutaenda misani kwa gari la baba yako, lile la vifaranga.

Babu yako,
Method


Stafford, Texas
25 Aprili 2025

Babu,

Shikamoo.

Barua yako niliifungulia kwenye maegesho ya kliniki, kiatu kiko mbele yangu juu ya dashibodi. "Cha kulia bado nakitumia." Nikasoma, nikakitazama kiatu, nikasoma tena. Mtu gani anatumia kiatu kimoja?

Nikampigia Baba. Nikamuuliza, Babu ana miguu mingapi? Akakohoa kile kikohozi chake. Siku ile ya Bibi alikohoa hivyo hivyo.

Kwa hiyo mguu wa kushoto haupo. Uliponiandikia kwamba haukusumbui tena, ulikuwa umeshakatwa. Mafua. Mvua ya mawe. Nimekuwa nikizunguka Houston nacheka na kiatu chako, naandika kwamba utaendesha, nakupangia safari, na nyote watatu mnanisoma na kunyamaza.

Sina hasira kwa sababu umekatwa mguu. Kwa hilo nina uchungu ambao siwezi kuuandika. Nina hasira kwa sababu mlijua jinsi nilivyoumia mara ya kwanza, nikawaambia, mkaahidi. Nani alikuambia mimi siwezi kubeba habari mbaya nikiwa kazini? Kila siku nashika vinywa vya watu wanaolia.

Juni sitakuja.

Melania


Plano, Texas
9 Mei 2025

Mel wangu,

Ni mama. Najua huchukui simu zangu, so nimeamua kuandika kama hao wengine. Kiswahili changu ni cha Kenya, mtanivumilia wewe na babu yako.

Nisikize kwanza halafu ukasirike vile unataka. Kidonda kiliharibika ghafla mwisho wa Februari. Mimi ni nesi, nilikiona kikibadilika rangi na nikajua. Walikata chini ya goti. Tukiwa bado hospitali Mzee akatushika mkono, mimi na baba yako, akasema Melania asiambiwe mpaka yeye Mzee aanze kutembea. Tukakubali. Ilikuwa makosa, hata nikiwa nakubali nilijua. Ile siku ya kufunga kiatu nilikaa na hicho kiatu kwa gari, nikalia, nikaingia posta.

Lakini sasa kuna shida kubwa kuliko hasira yako. Mzee hataki mguu wa bandia. Kidonda kimepona vizuri sana, fundi wa miguu ameshakuja mara mbili kumpima na mara mbili amemrudisha mlangoni. Anasema atamaliza kwanza kuuomboleza mguu aliozaliwa nao, ndipo afikirie mwingine. Nikamuuliza, utamaliza lini? Akageukia dirisha. Daktari ametuambia wazi: akiendelea kukaa kwa hicho kiti na goti limekunjwa, goti litakaza, na likikaza hatasimama tena, hata apewe mguu wa dhahabu.

Anakaa tu dirishani, zaidi tangu barua yako ije. Jana niliingia nikampata mkono wake wa kushoto unacheza hewani, chini, kando ya kiti. Nikadhani anatafuta kitu kimeanguka. Nikauliza, Mzee, unatafuta nini? Akasema, "Gia ya pili."

Sijui nifanye nini, Mel. Wewe ndiye alikulea. Niambie.

Mama


Stafford, Texas
20 Mei 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo.

Bado nimekasirika, na nakuja. Vyote viwili kwa pamoja. Umenifundisha nimalize kimoja kwanza, lakini nikisubiri hasira iishe tutakutana mbinguni.

Mama ameniambia kuhusu fundi. Ameniambia pia kuhusu mkono wako na gia ya pili. Niliposoma hilo nilitoka nje nikaenda kwenye pikapu. Sikukaa kwenye usukani. Nilizunguka nikakaa kiti cha abiria, upande wa kulia, gari limezimwa, nikauacha mkono wangu wa kushoto ushuke wenyewe. Ukaangukia juu ya gia.

Babu, kiti cha abiria cha huku ndicho kiti cha dereva cha kwetu. Gia ziko kushoto kwako kama zilivyokuwa Iringa. Kasoro ni usukani na miguu, na hivyo ninavyo mimi.

Basi nisikilize. Siku ya misa nitakuja mapema. Baba atakusaidia kupanda. Mimi nitakanyaga klachi, breki na mafuta, na nitashika usukani. Gia zote ni zako. Sitazigusa hata tukikwama. Kusini ya Dallas, pale Cedar Hill, nimeambiwa kuna mteremko wenye kona chini yake. Si Kitonga, lakini kwa Texas ni wa kujivunia. Tukimaliza huko tutakwenda kumwombea Bibi.

Sikulazimishi mguu. Mkono tu. Ukikataa, nitakaa nje ya nyumba yenu ndani ya gari nikipiga honi mpaka mtaa huo upate watembea kwa miguu.

Na kiatu nacho kinakuja, kiko pale pale mbele ya kioo.

Mjukuu wako,
Melania


Plano, Texas
18 Juni 2025

Somo wa mke wangu,

Marahaba, na ya safari hii imetoka kifuani.

Umeondoka majuzi tu na tayari nakuandikia, maana yako mambo ambayo sikuyasema tukiwa garini. Garini tulikuwa tunagombana. Ulikanyaga klachi bila kuniambia, mimi nikavuta gia bila kukuambia, sanduku la gia likalia kama mbuzi, na baba yako nyuma yetu kwenye gari lake la vifaranga akawasha taa zote akidhani tumepata ajali. Mpaka tunafika barabara kubwa nilikuwa nimeshakufelisha mara mbili. Wewe nawe ulinifelisha, nilikusikia ukisema chini chini.

Halafu, sijui tulipita wapi, tukaacha kuambiana. Nikawa naisikia klachi yako kwenye sauti ya injini, mkono unakwenda. Sikio hili lisilosikia simu liliisikia injini. Nilikuwa sijashika gia tangu siku niliyompeleka bibi yako hospitali mara ya mwisho, na kutoka kule nilirudi kwa gari la mtu mwingine. Hilo hulijui, hakuna anayelijua. Nilifikiri nimeshamaliza na gia.

Sasa Cedar Hill. Kabla ya kushuka nilikuambia, utafunga breki, utaachia, nitasema "haya", ndipo nibadilishe. Ukaitikia. Tukaanza kushuka, breki ikashika, na kona ikaonekana. Ukaingiza klachi na mguu wako wa kulia bado uko kwenye breki. Umechanganya. Nami sikusema "haya". Mkono wangu ukashuka kwenye ya pili peke yake, breki ikiwa bado imeshika, na gia ikaingia bila hata kunong'ona. Ulidhani nimesahau kanuni, ukanitazama. Sikusahau. Mteremko wenyewe ulikuwa wa kitoto, Kitonga ingeucheka, hapakuwa na sababu yoyote ya kuchanganya. Nilitaka tu kujua bibi yako alikuwa anasikia nini miaka yote ile.

Na ulipoona machozi ukadhani ni upepo wa dirisha, ukalifunga. Lifungue siku nyingine. Nilianza kulia kabla ya kona, nikalia ndani ya kona, na gia ikaingia vizuri hivyo hivyo. Kwa hiyo najua sasa kwamba ungeweza. Ungeweza kumlilia bibi yako na kuandika mtihani wako, na mimi sikuwa na haki ya kukuamulia. Nisamehe kwa hilo, na kwa mguu.

Misani sikumsikiliza padri vizuri. Nilikuwa namweleza Melania mkubwa kwamba amefaulu. Kwa kuchelewa, lakini amefaulu, na safari hii si kwa sababu nataka kumposa.

Jana fundi wa miguu alikuja. Everline alikuwa amejiandaa kunibembeleza, ameshapika na chapati. Nikamwambia aende zake jikoni, mimi na fundi tuna kazi. Amenipima goti, amelinyoosha, limeuma, nimemtukana kwa Kihehe naye akasema asante. Bado naulilia ule mguu wangu. Asubuhi nikiamka vidole vyake vinaniwasha, na havipo. Nitaendelea kuulilia, na huku wananitengenezea huo mwingine. Fundi anasema si ajabu, wengi wanafanya hivyo.

Ameniambia nikirudi kwake mwezi ujao nije na viatu nitakavyovaa, vyote viwili, ili mguu wa bandia ukatwe kimo kulingana na kisigino. Nikamwambia kimoja ninacho. Akauliza cha pili kiko wapi, nikamjibu kiko Houston, kinaendesha gari.

Nirudishie kiatu changu.

Babu yako,
Method